Nimefunga thamostati mpya mwenyewe, sasa AC imenuna kabisa. Wataalamu njooni

#1 MpangajiMstaafu (Houston)

Wakuu habari zenu. Niko Houston, Texas, joto la Agosti, ndani ya nyumba inasoma 91, yaani kama 33 za kwetu. Mama mzazi yuko kwangu tangu Juni, amekaa kibarazani anajipepea na upepeo wa ukili aliokuja nao kwenye begi. Anasema Tanga joto lipo lakini angalau bahari inapumua.

Kisa chenyewe. Nyumba ni ya mwaka 1998, tuliinunua mwaka juzi. AC ni ya nyumba nzima, si hizi za kubandika juu ya dirisha: mashine ya nje iko uani, ya ndani iko darini pamoja na hita ya gesi, na ukutani sebuleni kuna thamostati, kile kidude cha kupangia joto la nyumba. Wiki iliyopita thamostati ikaanza kuzima kioo. Mchana inakufa, asubuhi naikuta imewaka yenyewe, AC inapiga kazi saa moja au mbili, halafu inakufa tena. Nikasema huyu kazeeka. Nikanunua mpya ya wifi, nikaangalia video mbili, nikashika bisibisi.

Nilizima breka iliyoandikwa AC. Nyuma ya ile ya zamani kulikuwa na waya tano: nyekundu, kijani, njano, nyeupe na bluu. Nikafunga mpya: nyekundu R, kijani G, njano Y, nyeupe W, bluu nikaweka B. Kioo kikawaka safi (ina betri mbili ndogo). Programu ikaniuliza mambo ya pampu ya joto, nikakubali. Nikashusha hadi 75, ikasema "tik", kisha kimya. Feni haizunguki, mashine ya nje haiungurumi, nikajaribu hita nayo haiwaki. Nimerudisha ya zamani, nayo kioo cheusi tii.

Fundi wa hapa anataka dola 150 kuja kuangalia tu, na nafasi ni Jumanne. Leo Jumamosi. Nisaidieni kabla mama hajadai tiketi ya kurudi.

#2 KibaoKata

Bluu ukaweka B. Nimecheka mpaka wife kauliza kuna nini. Ungekutana na waya ya pinki ungeipeleka wapi?

#3 JiraniWaMtoni

Gesi hiyo. Ikizima zima ovyo ujue gesi imeisha. Jaza utulie.

#4 BaridiBilaJasho (Dallas)

Pole sana mkuu. Niko Dallas, mwaka wa tisa nakula ugali kwa kazi hii.

Ya gesi tuiweke kando kwanza. Gesi ya AC haiishi kama mtungi wa kupikia, inazunguka mle mle kwenye mabomba. Ikipungua, kuna mahali panavuja. Tena ikipungua feni ya ndani bado ingepuliza, na hita isingekuwa na habari. Kwako vimekufa vitatu kwa mpigo: feni, mashine ya nje na hita. Tafuta kinachovilisha vyote vitatu.

Hicho ni transfoma ndogo ndani ya mashine ya darini. Inachukua volti 120 za nyumba inashusha hadi 24. Upande mmoja wa transfoma ni R, wa pili ni C. Thamostati ni swichi tu, watu wanaiogopa bure. Ikitaka baridi inaunganisha R na Y, mashine ya nje inaamka. Inaunganisha R na G, feni inapuliza. Ikitaka joto, R na W. Umeme ukishafanya kazi kule unarudi transfoma kwa njia ya C. Waya ya C ikifika ukutani ni ili thamostati yenyewe ipate umeme wa kuwasha kioo na wifi.

Sasa B yako. Haina undugu na bluu. Ni ya valvu inayogeuza mwendo wa gesi kwenye pampu ya joto, zile AC ambazo wakati wa baridi zinageuka kuwa hita. Wewe una hita ya gesi, valvu hiyo huna. Nyumba nyingi za huku bluu ndiyo C. Kwa hiyo ulipoikubalia programu kwamba una pampu ya joto, thamostati ikachukua umeme wa R ikautia B, bluu ikaurudisha transfoma moja kwa moja bila kupita kwenye kifaa chochote cha kuutumia. Hiyo ni shoti. Ile "tik" uliyoisikia yalikuwa mazishi ya fyuzi.

Ushukuru kama ni fyuzi tu, maana mashine nyingine hazina fyuzi, zinaondoka na transfoma yenyewe.

Na kingine: breka uliyozima ilikuwa ya mashine ya nje. Transfoma iko kwenye breka ya pili, ya hita. Ulikuwa unafunga waya zina umeme. Volti 24 haziui mtu lakini zinaua bodi, kile kibao cha umeme kinachoiongoza mashine.

Zima breka ZOTE mbili. Panda darini, fungua mlango wa mashine, tafuta bodi. Hapo kuna fyuzi kama ya gari, zambarau ni ya ampia 3, kahawia hafifu ni ya 5. Itoe uitazame kwenye mwanga. Kisha piga picha waya zinapoingia kwenye bodi: rangi ipi imeshika herufi ipi. Usiniambie rangi za ukutani. Rangi haina sheria, aliyefunga 1998 alitumia waya iliyokuwa mkononi. Herufi za kwenye bodi ndizo ushahidi.

#5 MpangajiMstaafu (Houston)

Nimeshuka darini sasa hivi. Huko juu ni jehanamu, na ile sufi ya pinki ya kuzuia joto inawasha shingo nzima. Fyuzi ni ya zambarau na kiuzi chake kimekatika, kina kidoa cheusi. Picha ninayo: nyekundu R, nyeupe W, njano Y, kijani G, BLUU C. Kwenye C kuna pia waya nyingine inayokwenda nje.

Naenda duka la vifaa vya gari.

#6 BaridiBilaJasho (Dallas)

Safi. Nunua fyuzi tatu, si moja. Iwe 3 ile ile, usije ukaweka 10 kwa sababu ndiyo waliyokuwa nayo. Na beba mita ya kupimia umeme, hata ya dola 15.

#7 SokoLaMutrah (Maskati)

Nafuatilia huu uzi nikiwa Omani na nawaonya wa huku Ghuba. Msisome haya mkadhani kila thamostati ni volti 24. Jengo letu lina maji baridi yanasukumwa kutoka mtambo wa juu ya paa hadi mashine ndogo iliyo juu ya dari ya kila chumba. Thamostati ya ukutani inapitisha umeme wenyewe, 220 na kitu: kuna L, kuna N, kuna waya tatu za kasi za feni na moja ya valvu ya maji. Shemeji yangu alileta ya wifi kutoka Marekani, nzuri kama simu, akaifunga waya kwa waya. Ilitoa moshi kabla hajashuka kwenye kiti.

#8 ThelujiNaChai (Minneapolis)

Hata huku Marekani si zote. Apatimenti yangu ya kwanza ilikuwa na hita za umeme zile ndefu za chini ya ukuta. Nilifungua thamostati nikakuta waya mbili nene kama za jiko, zimefungwa kwa vikofia. Hizo ni 240. Ukiona waya nene rudisha kifuniko, nunua iliyoandikwa ya volti hizo au waite wenyewe.

Na aibu yangu ni kwamba mji huu huu, mwaka 1885, Albert Butz alibuni kidude cha kufungua mlango wa hewa wa tanuri la makaa chumba kikipoa, kikaja kuwa babu wa thamostati nyingi. Mimi naishi maili tatu kutoka mtoni na siwezi kufunga hata moja.

#9 MpangajiMstaafu (Houston)

Nimerudi. Fyuzi mpya ndani, bluu nimeihamishia C, kwenye programu nimefuta pampu ya joto nikachagua hita ya gesi. Nimewasha breka zote mbili. HAKUNA KITU. Nimepima ukutani kati ya nyekundu na bluu: 0.00. Nalia.

#10 BaridiBilaJasho (Dallas)

Usilie. Maswali mawili. Mita umeiweka kwenye alama ipi, mstari ulionyooka wenye vidoti chini yake au wimbi? Na mlango wa mashine darini umeurudisha ukakaa sawasawa?

#11 MpangajiMstaafu (Houston)

Mstari ulionyooka. Mlango nimeuegemeza tu maana nilijua nitarudi.

#12 BaridiBilaJasho (Dallas)

Vyote viwili. Umeme wa transfoma ni wa wimbi, mita iweke kwenye wimbi. Na nyuma ya ule mlango kuna kitufe: usipokandamizwa na mlango, mashine nzima inakatika umeme, ili mtu asitie mkono kwenye feni. Kila wiki kuna mtu ananipigia kwa sababu ya kitufe hicho.

Ukimaliza, toa betri kwenye thamostati. Najua zinafaa umeme wa nyumba ukikatika, lakini leo sizitaki. Ukitoa betri kioo kinategemea R na C peke yake, kikizima unajua saa ile ile kwamba umeme umekatika njiani.

#13 MpangajiMstaafu (Houston)

26.4!!! Kioo kinawaka bila betri! Nimesubiri zile dakika tano inazohesabu kabla ya kuanza, feni ikaanza, halafu nje nikasikia GRRRM. Mama kapiga kigelegele. Wakuu Mungu awabariki, BaridiBilaJasho nikija Dallas nakununulia mbuzi.

#14 KibaoKata

Mbuzi mzima kwa fyuzi ya dola moja. Nami nina ushauri hapa, nipeni kuku.

#15 BintiKisauni (Mombasa)

Hongera. Mimi kaka yangu wa Dallas naomba uniokoe na mafundi wa mtaani. Split yangu ya BTU 12,000, ile ya kawaida isiyo inveta, mashine ya nje ilikuwa inanguruma kama inataka kuamka, inakata, inanguruma tena. Fundi wa kwanza hakufungua hata skrubu moja, akasema gesi, akajaza, nikalipa. Jioni ile ile hali ikawa pale pale. Wa pili akafungua akatoa kitu kama kopo la maziwa, kichwa kimevimba. Kimeandikwa 35, mita yake ikasoma 22. Akaweka kipya, mashine ikaamka kwa mpigo mmoja. Sasa yule wa kwanza nimdai au nimsamehe?

#16 BaridiBilaJasho (Dallas)

Mdai dada yangu. Hiyo ni kapasita, ndiyo inayoipa kompresa msukumo wa kuanza. Ikichoka kompresa inanguruma, inachemka, kinga inaikata, inapoa, inajaribu tena. Kwenye kibandiko utaona asilimia inayoruhusiwa kupungua, mara nyingi 5 au 6. Kutoka 35 hadi 22 hiyo ni maiti. Na kumwongezea gesi mgonjwa asiye na upungufu wa gesi ni kumwongezea ugonjwa.

Hapo kwenye kapasita nawaomba wasomaji msijifunze kwa mikono. Hata umeme ukishazimwa inabaki imebeba chaji. Waya za thamostati mnaweza kuchezea breka zikiwa chini, lakini sanduku la nje, kwangu ni volti 240, kwenu 230 na zaidi, mwachieni anayejua kuitoa chaji kwanza.

Na huku Texas kuna kisa kingine cha mashine ya nje kukataa: siafu, hawa wadogo wekundu wa huku. Wanaingia kwenye kontakta, ile swichi inayowasha mashine ya nje, mmoja anapigwa na umeme, wenzake wanafuata harufu, mwisho wanajaa katikati ya vyuma viwili visigusane. Nimewafagia kwa brashi mara nyingi kuliko nilivyobadilisha kompresa.

#17 MpangajiMstaafu (Houston)

Wakuu rudini. Imezima. Ilifanya kazi saa moja na dakika kumi, nyumba ilishafika 82, nikawa naoga. Nimetoka kioo cheusi. Nimeangalia fyuzi, NZIMA. Nimepima ukutani, 0.3. Nimepanda darini nikarudisha mlango vizuri mara mbili. Bado.

Nimeshaitukana thamostati ya kwanza na ya pili.

#18 JiraniWaMtoni

Nilisema gesi mkanicheka.

#19 MtotoWaMakorora (Tanga)

Salamu kwa wote. Mimi ni fundi wa AC na friji hapa Tanga, split tu na za madukani. Thamostati ya ukutani ya Kimarekani sijawahi kuishika, kwa hiyo nilikuwa nasoma kimya nijifunze.

Ila kuna kitu kwenye posti ya kwanza mmekiruka. Kaka alisema ilikuwa inakufa mchana, asubuhi inafufuka yenyewe. Hiyo ni kabla hajagusa waya hata moja. Kosa la bluu alilileta yeye Jumamosi, lakini ugonjwa aliukuta. Mmetibu jeraha la hospitali, ugonjwa alioenda nao bado uko.

Kifaa kinachokufa baada ya saa moja ya kazi na kufufuka baada ya usiku wa kupumzika, kwangu mimi ni mambo mawili: kuna kitu kinapata moto kikipoa kinarudi, au kuna maji yanajaa yakipungua kinarudi. Kwenye split maji ndiyo ninayoyatazama mwanzo. Mteja akisema AC inasumbua, kabla sijafungua begi nauliza: maji yanadondokea wapi?

Kaka, hapo kwako maji ya AC yanatokea wapi? Na kuna mahali yanadondoka pasipo pake?

#20 BaridiBilaJasho (Dallas)

Fundi wa Tanga naomba nikuvulie kofia. Miaka tisa nami nimerukia waya kama mwanafunzi.

Mpangaji, sikiliza. Chini ya mashine yako darini kuna sinia kubwa la bati. Liko pale bomba la kawaida la maji likiziba, maji yaangukie humo yasiharibu dari. Ukingoni mwa sinia, mashine nyingi zina boya, ndugu yake wa lile la kwenye tangi la maji. Maji yakipanda boya linapanda, linakata R. Kioo kinazima. Mashine ikikaa bila kazi maji yanapungua, boya linashuka, kioo kinawaka. Mafundi wengi wanalifunga hivyo makusudi, mwenye nyumba akikosa hata kioo atashtuka.

Lile sinia lina bomba lake la dharura, na linatolewa nje mahali pa kuonekana, mara nyingi juu ya dirisha, ili ukiona maji yanadondoka pale ujue bomba kubwa limeziba. Zunguka nyumba utazame juu ya madirisha.

#21 MpangajiMstaafu (Houston)

Wakuu. Sijui nianzie wapi.

Nimemuuliza mama kama ameona maji yanadondoka nje. Kasema ndiyo, juu ya dirisha la jikoni, tangu alipofika. Ameweka ndoo. MAMA AMEWEKA NDOO. Anayachota kumwagilia mchicha wake alioupanda kwenye makopo ya rangi nyuma ya nyumba. Nilikuwa naula ule mchicha kila Jumapili namsifu.

Kasema mwanzoni ndoo ilikuwa inajaa kabla ya adhuhuri, lakini "siku hizi mtambo wenu umekuwa mchoyo, unatoa tone tone, nilitaka nikuambie uutazame".

#22 MtotoWaMakorora (Tanga)

Mama ndiye fundi hapo. Bomba kubwa liliziba zamani, maji yakawa yanapita la dharura. Wiki iliyopita la dharura nalo limeanza kuziba, ndiyo ndoo haijai. Sasa sinia halina pa kutolea, boya linapanda. Amekupa historia yote ya ugonjwa kwa sentensi moja.

#23 KibaoKata

Nafuta utani wangu wote wa B ya bluu. Naomba mbegu za huo mchicha.

#24 MpangajiMstaafu (Houston)

Nimepanda na tochi. Sinia limejaa maji ya rangi ya chai, ndani yake yanaelea mabonge ya sufi na mende mmoja. Pembeni kuna kidude cheupe cha plastiki kama kizibo cha chupa, kimeelea juu kabisa, na kinatoa waya mbili nyembamba zinazokwenda kwenye mashine. Nimekisukuma chini kwa kidole. Mke wangu kapiga kelele sebuleni: "Imewaka!" Nikakiachia. "Imezima!" Tumerudia mara nne kama watoto.

Sasa naomba ruhusa: nikikifunga kwa solotepu kibaki chini?

#25 BaridiBilaJasho (Dallas)

USITHUBUTU. Hicho ndicho kitu pekee darini kwako kilichokuwa na akili mwezi huu. Ukikifunga, kesho dari ya jikoni iko mezani.

Zima breka zote mbili. Azima ile vakyumu ya karakana inayofyonza maji. Maji ya sinia yatoe kwanza. Kisha tafuta mwisho wa bomba kubwa, la plastiki nyeupe, litakuwa limetokea nje karibu na ardhi. Funga mdomo wa vakyumu pale kwa kitambara na tepu hewa isipite, ifyonze dakika mbili tatu. Fanya vile vile kwenye la juu ya dirisha. Ukimaliza, bomba kubwa lina kishina kilichosimama karibu na mashine chenye kifuniko, mimina humo kikombe cha siki nyeupe, baadaye maji, uone kama yanatoka nje. Na filta, umebadilisha lini?

#26 MpangajiMstaafu (Houston)

Filta kuna filta?

#27 BaridiBilaJasho (Dallas)

Ya Rabi.

#28 ThelujiNaChai (Minneapolis)

😂😂 Tangu mwaka juzi!

#29 MpangajiMstaafu (Houston)

Jumapili jioni, naleta ripoti.

Mwisho wa bomba kubwa niliutafuta nusu saa. Ulikuwa umefunikwa na udongo na majani, mimi mwenyewe nilisawazisha pale nilipopanda maua mwaka jana. Nimefukua, nimefunga vakyumu. Mwanzo ikalia kwa kubanwa, halafu likapita kitu "shlup". Nilipofungua tangi la vakyumu, wakuu, mlenda. Mlenda mtupu, rangi ya kijivu na kijani, unavutika. Mama kachungulia kasema hajawahi kuona mlenda umepikwa vibaya kiasi hiki. La juu ya dirisha limetoa sufi na kutu. Siki nimemimina, maji yakafuata, yakatoka nje kwa mkondo.

Filta nimeikuta kwenye tundu kubwa la dari ya korido. Ilikuwa imefunikwa na blanketi la vumbi, unaweza kuishona. Nimeweka mpya.

Tangu saa nane mchana AC inafanya kazi mfululizo, kioo hakijazima, boya limelala chini, sinia kavu.

#30 BaridiBilaJasho (Dallas)

Nipe namba moja nilale. Pima joto la hewa inayovutwa kwenye tundu la filta na ya tundu la kutolea lililo karibu na mashine.

#31 MpangajiMstaafu (Houston)

Inayovutwa 77, inayotoka 59.

#32 BaridiBilaJasho (Dallas)

Tofauti 18. Tunataka kati ya 15 na 20 za huku, uko katikati. Kwa namba hiyo sina sababu ya kushuku gesi, JiraniWaMtoni anisamehe. Ingekuwa 8 au 9 huku filta ni mpya, hapo ningekwambia umwite mwenye cheti, maana huku kushika gesi bila cheti ni kosa kisheria, na kama mashine ingekuwa bado ile ya 1998 yenye R-22 ungelia, gesi hiyo ilisimamishwa kutengenezwa na kuingizwa nchini tangu 2020.

Betri zirudishe. Siki kikombe kila mwezi mpaka Oktoba. Jumanne mpigie fundi wako asije.

#33 JiraniWaMtoni

Nimesamehe. Lakini kwangu ilikuwa gesi kweli.

#34 MtotoWaMakorora (Tanga)

Kwako ilikuwa inavuja Jirani, nani aliyekuziba tundu? Kama hakuna aliyeziba utanipigia mwezi wa kumi na mbili.

Kaka wa Houston, ile thamostati ya zamani usiitupe. Nadhani ni nzima kabisa, haikuwahi kuumwa.

#35 MpangajiMstaafu (Houston)

Nimeijaribu leo kabla ya kazi. Nzima. Inawaka, inaita, inazima kwa wakati wake. Nimeiweka kwenye droo, nimeigeuza uso chini maana naona haya kuitazama.

Mbuzi wamekuwa wawili sasa, mmoja Dallas mmoja Tanga. Mama yeye hajafurahi. Asubuhi kaniita nje, ndoo kavu, kaniuliza nimeufanya nini mtambo. Nimemweleza maji sasa yanatokea kule nyuma, chini, kwenye maua. Hakujibu. Nimerudi kazini jioni hii nimekuta maua yangu yameng'olewa yamewekwa pembeni kwa adabu, na makopo yote sita ya mchicha yamepangwa mstari kwenye mdomo wa bomba.